Grad, gorod, hrad, gród: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno moja la Kislavi

Fungua ramani ya Ulaya Mashariki na utalikuta kila upande: Belgrade, Novgorod, Volgograd, Hradec Králové, Stargard, Grodno. Hilo ni neno moja. Majibu yafuatayo yanaeleza lilikotoka, kwa nini lina sura nyingi, na kwa nini mkazi wa Prague akitaja hrad anazungumzia kitu kingine kabisa na kile ambacho mkazi wa Belgrade anakiita grad.

Mwanzoni neno hili lilimaanisha nini?

Mahali palipozungushiwa uzio. Mji, ngome na bustani ni maana zilizokuja baadaye. Lugha mame ya Kislavi, ile iliyozaa Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kiserbia na nduguzo, ilikuwa na neno ambalo wanaisimu hulijenga upya hivi: *gordъ. Nyota iliyo mbele inaonyesha kwamba hakuna aliyelikuta limeandikwa. Limepatikana kwa kulinganisha lugha zilizopo na maandishi ya kale. Herufi ъ ya mwisho ilikuwa irabu fupi sana, na lugha za leo zimeidondosha.

Kando yake palikuwa na kitenzi *gorditi, yaani kuzungushia. Kitenzi hicho bado kiko hai. Kipolandi kina grodzić, kuweka uzio, na Kirusi kina gorodit'. Kiserbia na Kibulgaria vimesogea hatua moja zaidi: graditi na gradya siku hizi ni kujenga.

Msomaji wa Kiswahili ana kielelezo kizuri nyumbani kwake. Boma ni miiba wanayozungushiwa ng'ombe usiku; ni ngome; ni ofisi ya serikali wilayani, ndiyo maana mtu husema anakwenda bomani; na ni jina la mji, kama Boma Ng'ombe mkoani Kilimanjaro. *Gordъ lilipita njia ya namna hiyo, ila lilipita katika lugha nyingi kwa wakati mmoja, na kila lugha ikatua kwenye kituo chake.

Leo neno lina sura na maana gani katika kila lugha?

- Kirusi: город (gorod), mji.
- Kibelarusi: горад (horad), mji.
- Kiukraini: город (horod), bustani ya mboga. Mji ni місто (misto).
- Kipolandi: gród, ngome ya zamani ya udongo na magogo. Mji ni miasto.
- Kicheki na Kislovaki: hrad, ngome au kasri lenye kuta. Mji ni město kwa Kicheki, mesto kwa Kislovaki.
- Kislovenia: grad, ngome au kasri. Mji ni mesto.
- Kiserbia, Kikroeshia na Kibosnia: grad, mji.
- Kibulgaria na Kimasedonia: град (grad), mji.
- Kisorbi cha Juu, mashariki mwa Ujerumani: hród, ngome au kasri.
- Kikashubi, kaskazini mwa Poland: gard, mji.

Angalia mstari wa Kiukraini na ule wa Kirusi. Maandishi ni yaleyale, herufi kwa herufi, lakini Mrusi anasoma mji na Muukraini anasoma kitalu cha viazi na vitunguu. Hapo ndipo watafsiri wanaotegemea kufanana kwa lugha hizi mbili huteleza mara nyingi.

Kwa nini wengine wanasema gorod, wengine grad, wengine gród?

Kwa sababu Waslavi waliacha kuvumilia silabi inayoishia kwa konsonanti. Katika *gordъ, silabi ya kwanza ilifungwa na r: gor-dъ. Kila tawi lilitafuta njia yake ya kuifungua.

Kusini, pamoja na Wacheki na Waslovaki, r ilirukia mbele ya irabu na irabu ikawa a: grad. Wapolandi na Wasorbi nao waliirusha r mbele lakini wakabaki na o: grod. Waslavi wa Mashariki hawakurusha chochote. Waliongeza irabu ya pili baada ya r, ikawa gorod. Kikashubi na lahaja nyingine za pwani ya Baltiki ziliacha mpangilio wa zamani na kupata gard. Baadaye, katika badiliko la pili lisilohusiana na la kwanza, Kicheki, Kislovaki, Kiukraini, Kibelarusi na Kisorbi cha Juu ziligeuza g kuwa h. Kwa hiyo hrad ni grad iliyopitia hatua moja zaidi.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haihusu neno moja tu, na unaweza kuipima mwenyewe. Ng'ombe ni korova kwa Kirusi, krowa kwa Kipolandi, kráva kwa Kicheki, krava kwa Kiserbia. Kichwa ni golova, głowa, hlava, glava. Dhahabu ni zoloto, złoto, zlato, zlato. Kunguru ni vorona, wrona, vrána, vrana. Ukijua neno la Kirusi lenye -oro- au -olo- katikati ya konsonanti, jaribu kuweka -ro- au -lo- upate la Kipolandi, kisha -ra- au -la- upate la kusini. Mara nyingi utapata sawasawa.

Kanuni inakwama pale neno lilipokopwa baadaye, baada ya badiliko kwisha. Kirusi kina gorod na grad kwa sababu hiyo, tutafika huko.

Badiliko hilo lilitokea lini?

Shahidi anayetajwa zaidi ni mfalme. Karolo Mkuu wa Wafranki, aliyefariki mwaka 814, aliitwa Karl, na jina lake likawa neno la Kislavi la mfalme: Kirusi korol', Kipolandi król, Kicheki král, Kiserbia kralj. Mgawanyiko ni uleule wa gorod, gród, hrad, grad. Maana yake, mnamo mwaka 800 hivi badiliko lilikuwa bado linafanya kazi, hata likaweza kulikamata jina geni. Karne ya 9 ilipoendelea, wakati ndugu wawili wamisionari Cyril na Methodius walipoanza kuandika Kislavi cha Kanisa, lugha ya ibada, kwa ajili ya kazi yao ya Moravia mwaka 863, sura ya kusini gradъ ilikuwa tayari imeshika.

Kwa nini Wapolandi, Wacheki na Waslovenia waliliacha kwa maana ya mji?

Kwa sababu mji wenyewe ulibadilika kabla ya neno. Katika karne ya 9 na ya 10, gród ya Kipolandi ilikuwa uwanja wa duara au yai, uliozungukwa na boma la magogo na udongo, na mara nyingi handaki la maji nje yake. Ndani alikaa mtawala na askari wake. Magogo yalipangwa kwa matabaka, nafasi zikajazwa udongo na mawe. Kasoro kubwa ya ujenzi wa aina hiyo ni kwamba boma likipanda juu, udongo husukuma magogo nje na ukuta mzima huporomoka. Mafundi wa enzi ya nasaba ya Piast, watawala wa kwanza wa Poland, walilitatua kwa kuacha kisiki cha tawi kwenye gogo kama kulabu, kikashika gogo la kukingama lililolala dhidi yake. Gniezno na Poznań zilijengwa kwa ngome za namna hii.

Nje ya boma walikaa wafinyanzi, wahunzi na wachuuzi. Makazi hayo yaliitwa podgrodzie kwa Kipolandi na podhradí kwa Kicheki, yaani chini ya ngome.

Kisha, katika karne ya 13, watawala walianza kuanzisha miji kwa sheria ya Kijerumani, iliyofuata mfano wa Magdeburg: Poznań mwaka 1253, Kraków mwaka 1257. Mji wa aina hii ulipimwa upya, ukapewa soko la mraba, baraza lake na mahakama yake, na mara nyingi ulisimama pembeni ya ngome ya zamani. Ilikuwa vigumu kuviita vitu viwili kwa neno moja. Ngome ilibaki na gród au hrad, na mji mpya ukachukua neno lililomaanisha mahali tu: miasto, město. Kijerumani chenyewe kilikuwa kimepitia hatua hiyo, kwani Stadt, mji, ni ndugu wa Statt, mahali.

Urusi hali ilikuwa nyingine. Hapakuwa na wimbi la miji ya sheria ya Kijerumani. Ngome na makazi yaliyoizunguka vilikua pamoja na kuitwa gorod kwa pamoja. Ndiyo maana mesto kwa Kirusi bado ni mahali tu, hata nafasi ya kukaa ndani ya treni. Msomaji wa Kicheki anayekutana na mesto la Kirusi, au kinyume chake, lazima asimame na kufikiri.

Prague inaonyesha mgawanyo huo kwa macho. Kilimani kuna Hradčany na Pražský hrad, ng'ambo ya mto kuna Staré Město, Mji Mkongwe, na kando yake Nové Město, Mji Mpya, ulioanzishwa na mfalme Charles IV mwaka 1348. Rais wa Ucheki ana ofisi zake ndani ya ngome hiyo, kwa hiyo gazeti la Kicheki likiandika Hrad kwa herufi kubwa, linamaanisha ikulu.

Bustani iliingiaje?

Ilitoka moja kwa moja katika maana ya mwanzo, kwa kuwa bustani nayo huzungushiwa uzio ili mifugo isile mazao. Tofauti ni kwamba lugha nyingi ziliongeza kiambishi kutenganisha maana: Kirusi ogorod, bustani ya mboga, Kipolandi ogród, bustani, Kicheki zahrada na Kislovaki záhrada, Kibulgaria gradina. Kiukraini kiliachia neno tupu libaki na bustani kwa kuwa misto lilishachukua mji.

Nagrada, grazhdanin, vinograd: hizi pia ni za ukoo huu?

Ndiyo, zote tatu, na kila moja ina mtego wake.

Nagrada ni tuzo kwa Kirusi na Kiserbia, na Kipolandi kina nagroda. Daraja kati ya uzio na tuzo linaonekana vizuri zaidi katika Kicheki: nahradit ni kuweka kitu badala ya kingine, kufidia, na náhrada ni fidia. Ukimtafsiria Mcheki náhrada kama tuzo kwa sababu unajua Kirusi, hati ya bima itasomeka vibaya sana.

Grazhdanin ni raia kwa Kirusi, mwenye haki mbele ya dola. Gorozhanin ni mkazi wa mjini tu. La kwanza lilikuja kupitia Kislavi cha Kanisa, la pili ni la nyumbani. Mkulima wa kijijini ni grazhdanin lakini si gorozhanin.

Vinograd kwa Kiserbia na Kikroeshia ni shamba la mizabibu. Kwa Kirusi ni zabibu zenyewe. Neno hili linaonekana kufuata mfano wa Kijerumani cha kale. Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, kilikuwa na weinagards, shamba la mizabibu.

Kuna pia ograda, ua au uzio, pregrada, kizuizi, na Kicheki přehrada, bwawa lililozuiwa kwa ukuta. Katika mchezo wa Kirusi wa gorodki, wachezaji hurusha rungu kuangusha vipande vitano vya mti vilivyopangwa ndani ya mraba, na mraba huo unaitwa gorod. Ninaupenda mfano huu kuliko yote, maana uzio wa asili umebaki pale umechorwa ardhini.

Nje ya Kislavi lina ndugu?

Wengi. Kigothi gards, nyumba; Kinorse (lugha ya kale ya Skandinavia) garðr, ua au boma; Kiingereza yard; Kialbania gardh, uzio; Kilituania gardas, zizi. Garden la Kiingereza nalo ni la ukoo huu, ingawa lilizunguka kupitia Kifaransa cha kaskazini, ambacho kilikuwa kimelichukua kutoka lugha za Kijerumani.

Kuna fumbo moja la kweli hapa. Kwa kanuni za kawaida, sauti ya mwanzo ya mzizi huu wa Kihindi-Kiulaya (lugha mame ya Kislavi, Kijerumani, Kilituania na nyingine) ingeweza kutoa z katika Kislavi, na kweli kuna maneno kama hayo: Kilituania kina žardas, chanja ya kukaushia, sambamba na gardas. Baadhi ya wataalamu walisema kwa hiyo kwamba *gordъ limekopwa kutoka Kijerumani cha kale. Hoja hiyo ina udhaifu: gardas lina maana ya zizi, maana ya kikulima kabisa, na kukopa neno la zizi kutoka kwa jirani hakuna ulazima. Wengi hulihesabu kuwa urithi wa asili.

Wanorse waliosafiri mito ya Urusi waliiita nchi hiyo Garðaríki, nchi ya maboma. Novgorod waliiita Hólmgarðr, na Constantinople Miklagarðr, boma kuu. Waslavi nao waliita Constantinople Tsargrad au Carigrad, mji wa kaisari.

Kama Warusi husema gorod, mbona kuna Leningrad na Volgograd?

Kwa sababu -grad ni sura ya Kislavi cha Kanisa, lugha ya ibada iliyotoka kusini, na kwa sikio la Mrusi ina heshima na ukuu. Majina ya zamani yaliyozaliwa midomoni mwa watu yana -gorod: Novgorod, Zvenigorod, Ivangorod iliyojengwa mwaka 1492, Belgorod iliyoanzishwa mwaka 1596. Majina yaliyotungwa na serikali kwa shangwe yana -grad.

Sankt-Peterburg ilipogeuzwa jina mwaka 1914, vita na Ujerumani vilipoanza, burg ya Kijerumani iliondolewa na ikawa Petrograd. Mwaka 1924 ikawa Leningrad, na mwaka 1991 ikarudia jina la kwanza. Tsaritsyn ikawa Stalingrad mwaka 1925, kisha Volgograd mwaka 1961. Königsberg ikawa Kaliningrad mwaka 1946. Anayesoma historia ya taaluma za Kiswahili atakutana na Leningrad pia, kwa kuwa chuo kikuu cha huko kilikuwa kikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1930.

Kwa nini kuna miji mingi yenye jina la Mji Mweupe?

Beograd, ndiyo Belgrade, ni beo, nyeupe, na grad. Jina hilo la Kislavi linaonekana katika barua ya Papa Yohane VIII ya mwaka 878, baada ya karne nyingi za kuitwa Singidunum. Wenziwe ni Belgorod ya Urusi, Bilhorod ya Ukraine, Białogard ya Poland, Biograd na Moru ya Kroeshia. Berat ya Albania nayo ilikuwa Beligrad kabla ya kufupishwa. Kwingine kuna Miji Mipya kama Novgorod, Novigrad na Nowogard, na Ngome za Juu kama Vyšehrad ya Prague, Višegrad ya Bosnia, na Visegrád ya Hungaria, ambako wafalme watatu walikutana mwaka 1335.

Hungaria si nchi ya Kislavi, lakini majina yalibaki: Csongrád ni ngome nyeusi, Nógrád ni ngome mpya. Austria ina Graz, kutoka gradec, ngome ndogo.

Majina gani yanadanganya?

Podgorica, mji mkuu wa Montenegro, hauna grad ndani yake. Ni pod, chini ya, na gorica, kilima kidogo. Mzizi ni gora, mlima. Kati ya mwaka 1946 na 1992 uliitwa Titograd, na hilo ndilo lenye neno letu. Zagreb pia haimo.

Gradus la Kirusi, yaani nyuzi za joto au za pembe, ni la Kilatini. Halafu kuna grad nyingine kabisa, mvua ya mawe, kutoka *gradъ yenye a tangu asili. Kirusi, Kipolandi, Kiserbia na Kibulgaria zote zinayo. Mtambo wa Kisovieti wa kurusha roketi BM-21 unaotajwa sana katika habari za vita unaitwa Grad kwa maana hii, kwa jinsi roketi zinavyomiminika. Kuuita Mji ni kosa.

Kipolandi na Kirusi cha kila siku hazichanganyi, kwa sababu mji au ngome ina o. Kiserbia kinatenganisha kwa urefu: grad ya mji ina a ndefu, grad ya mvua ya mawe ina a fupi. Maandishi hayaonyeshi, muktadha ndio unaoamua.

Nilitamkeje?

Kirusi: mkazo uko kwenye irabu ya kwanza, GO-, o ya pili hufifia, na d ya mwisho husikika kama t. Wingi ni goroda, mkazo ukiwa mwishoni. Novgorod huwekwa mkazo mwanzoni, Leningrad mwishoni. Kipolandi: ó husomwa u, hivyo gród ni grut. Kicheki: hrat, kwa h nzito ya kooni. Kiserbia na Kiukraini hazigeuzi d. Iache ibaki d.

Nitalitafutaje katika kamusi?

Anza kwa kulirudisha kwenye umbo la msingi, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kipolandi hubadili ó kuwa o neno linapopata mwisho: gród, grodu, w grodzie, wingi grody. Kicheki: hrad, na hradě, wingi hrady. Kiserbia: grad, u gradu, wingi gradovi. Kibulgaria: grad, wingi gradove, na gradat ukitaka kusema mji ule unaojulikana.

Maneno yenye kiambishi yatafute chini ya kiambishi: ogorod iko O, nagrada iko N, zahrada iko Z. Katika kamusi ya Kipolandi, ó ni herufi inayojitegemea na huja baada ya o, kwa hiyo ukurasa wa grodzić utautangulia wa gród.